Mama Brashi na Ua Alilolileta Mwenyewe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyuma ya maghorofa ya jiji jua ndiyo kwanza linachungulia, na kwenye geti la hifadhi ya kinamasi Mama Brashi ameshainamia buti la mgeni wa kwanza.

"Nyanyua mguu, baba. Usione haya, nimeona soli mbaya kuliko hiyo."

Anasugua, anachokonoa matope kwa kijiti, anamwagia maji. Mgeni, aliyekuja na darubini kutazama ndege, anacheka: hajawahi kuoshwa viatu ili aende kukanyaga tope. Mama Brashi hacheki. Mbegu ya gugu maji, anasema, ikijificha kwenye soli imeshapata usafiri wa bure.

Jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake. Ana miaka hamsini na sita, kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia hapa, akianza kwa kukatisha tiketi. Brashi ilikuja baadaye, na hafichi sababu yake.

Miaka kumi na moja iliyopita, kwa dada yake, aliona ua la zambarau likielea kwenye beseni. Akaomba mche mmoja, akaubeba kwa ndoo hadi kazini na kuutumbukiza kwenye kidimbwi kando ya kibanda cha tiketi, pachangamke kidogo. Wageni wakapiga picha. Mkuu wa hifadhi wa wakati huo akamsifu.

"Kichwa kikavimba, wee! Kumbe nimekaribisha nyoka chumbani."

Mvua zilipokuja, kidimbwi kikafurika hadi bwawa la kwanza. Miaka michache baadaye mabwawa manne kati ya matano yalikuwa yamefunikwa na ua hilo, ambalo ndilo gugu maji, bata hawana pa kutua. Mkuu mpya akaitisha kikao: nani alileta balaa hili? Mama Brashi akanyoosha mkono.

"Mume wangu aliniuliza, 'Si ungenyamaza tu? Nani angejua?' Nikamwambia, ua lenyewe linanijua."

Hakufukuzwa. Brashi aliiomba mwenyewe. Alasiri, geti likipoa, huingia bwawa la nne, la mwisho lililobaki na magugu, pamoja na wenzake wawili kuyang'oa, viroba arobaini kwa wiki. Wapo wanaomtania kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

"Ya kwangu nayazoa kwa viroba," huwajibu.

Bwawa la tano, wanakotaga korongo, bado safi. Linatenganishwa na la nne kwa tuta la udongo tu, na mvua zimebakiza wiki tatu. Maji yakipita juu ya tuta kabla magugu hayajaisha, yatavuka nayo.

"Naogopa, siyo siri," anasema.

Mwakani anastaafu. Binti yake ameshamwandalia chumba, lakini Mama Brashi amemwambia asubiri: anataka kwanza kuona msimu mmoja wa mvua ukipita na bwawa la tano likiwa safi. Hapo ndipo atakapokwenda kulea wajukuu.

Saa tano mgeni wa darubini anatoka, ameridhika. Mama Brashi anamzuia.

"Mguu, baba."

"Mama, si naondoka?"

"Kwani huko unakokwenda hakuna maji?"

Mgeni ananyanyua mguu.