Rupia ya Paji la Uso

Ukitaka kumchokoza Fundi Uwesu hukuwa na haja ya kumtukana. Ulimwomba akushikie kitu chochote, iwe kikombe au mwavuli, halafu ukamwambia, "Usikiuze tu." Mtaa mzima wa Sikukuu waliujua utani huo, hata waliohamia juzi wasiojua ulikotoka. Naye alikuwa akicheka nao. Mtu wa Lindi, fundi redio, kaoa Kariakoo kwenye nyumba ya Wazaramo, atafanyaje? Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Hawasemi mgeni huyo akishakaa miaka, yeye anaponea wapi.

Utani ulitoka kwenye rupia moja ya fedha, ya zama za Mjerumani, yenye sura ya mfalme wao na masharubu yake. Bibi yake Zamda, yaani bibi wa mke wa Uwesu, aliitoboa tundu akaitia uzi. Katika nyumba ile, msichana akiwekwa ndani, siku ya kutolewa alifungwa rupia hiyo kwenye paji la uso. Asipofungwa, walisema, hajatolewa, katoroka. Zamda alitolewa nayo, na dada yake Mwanamkuu pia, na bibi alipofariki ikabaki kwa Zamda kwa sababu ndiye aliyemuuguza. Mwanamkuu, aliye mkubwa, hajalimeza hilo mpaka leo.

Basi Idi moja, mtoto wao Tatu akiwa bado anabebwa, akina mama wa mtaa walikwenda kucheza ngoma viwanja vya Mnazi Mmoja kushindana na wenzao wa Gerezani. Jioni Zamda alirudi analia. Rupia imeanguka. Alikuwa ameivaa shingoni, alisema, na kwenye msukumano uzi ukakatika. Walirudi kuitafuta kwenye nyasi hadi giza likaingia, wasiione. Mwezi uleule Uwesu alinunua chuma kipya cha kulehemu, kwa fedha aliyoidunduliza tangu Ramadhani iliyotangulia. Mwanamkuu akajumlisha yake.

"Rupia haina miguu," alisema mbele za watu. "Imekwenda kwa sonara, imerudi chuma cha kuchomea redio."

Uwesu alimtazama mkewe, ili mkewe amkanye dada yake. Zamda aliinama akaendelea kuchambua mchele. Uwesu akajiambia, ana uchungu, muache. Maskini, alijiambia hivyo miaka yote. Na mtu asipoijibu lawama, lawama ile huota mizizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hata Tatu alipovunja ungo, akawekwa ndani, neno likafufuka. Mwanamkuu ndiye aliyekuwa akimfunda, na kila alipotoka chumbani kwa mwali alipita mbele ya Uwesu akisema, bila kumtazama, "Mtoto wa watu atatoka uso mtupu. Lakini nani wa kulaumiwa? Si kila mtu anajua?"

Hapo ndipo Uwesu alipokumbuka jambo la kazini kwake. Redio mbili zikiwekwa karibu karibu na kuwashwa, hutokea zikapigiana mluzi, na ukisogeza chuma au fedha kwenye waya wa moja, mluzi hugeuka sauti. Alikuwa analijua hilo siku zote kama usumbufu tu. Sasa akaliona kama mlango. Alichukua waya wa shaba, akauzungushia ukingoni mwa ungo, kwa sababu ungo ni mwepesi, ni duara na hauna msumari hata mmoja. Akaufunga ungo kwenye mwanzi, waya akauunganisha na redio moja, na nyingine akaining'iniza kifuani. Akapitisha ungo juu ya senti aliyoifukia uani. Redio ikalia. Mtu mzima yule aliruka kama mtoto.

"Mama Tatu!" aliita. "Nitaitafuta rupia yako mpaka niipate!"

Zamda alitoka jikoni, akautazama ule ungo wenye nyaya. "Acha, Baba Tatu," alisema. "Yaliyopita yamepita. Utajichosha bure."

Uwesu alidhani anahurumiwa.

Akawa anaenda Mnazi Mmoja baada ya sala ya alfajiri, kabla watoto hawajamzunguka, anapitisha ungo juu ya nyasi polepole, redio ikinong'ona kifuani. Mluzi ukilia, anapiga magoti na kuchimba kwa kisu. Alipata vizibo vya soda kiasi cha kufungulia duka. Alipata senti za tundu za Mwingereza, kopo, ufunguo wa nyumba isiyojulikana. Kila kizibo kilimdanganya kwanza, moyo ukampanda, kisha ukamshuka. Lakini alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo siku nyingi. Mtu anayetafuta alichokiuza ni mwendawazimu, na yeye hakuwa mwendawazimu, wangemwona, wangeelewa.

Siku moja mluzi ulilia upande wa palipokuwa na ngoma. Akachimba. Kisu kikagonga kitu, akakitoa, kikiwa kimefunikwa udongo mweusi uliogandamana. Akakisugua kwa kidole gumba, na katikati ya tope likachungulia sharubu.

Alilia pale pale, magoti chini, redio ikipiga kelele. Akaiweka rupia kibindoni bila kuisafisha, maana alitaka Zamda mwenyewe ndiye aioshe.

Na ndivyo walivyomkuta wale akina mama waliokuwa wakipeleka mchicha sokoni. Fikiria nawe: kulikuwa hakujakucha vizuri, na mtu mzima kapiga magoti kiwanjani peke yake, anachimba, analia, pembeni yake ungo, na ungo unapiga mluzi. Wewe ungedhani nini?

"Mchawi!" mmoja alipiga yowe. "Kaanguka na ungo wake!"

Watu walitoka hata sijui wapi. Ungo ulikanyagwa ukapasuka, redio zote mbili zikavunjwa kwa mawe ili zisiruke. Kama si mgambo waliokuwa wakipita, wangemvunja na yeye. Mgambo walimpeleka kwa balozi wake wa nyumba kumi, Bwana Theophil, Mchaga mwenye duka, mtu asiyependa makelele asubuhi. Mtaa ukajaa mlangoni. Zamda akaitwa, na Mwanamkuu akaja nyuma yake bila kuitwa.

"Fundi, ulikuwa unafanya nini pale?" aliuliza balozi.

"Nilikuwa natafuta rupia ya mke wangu, iliyoanguka siku ya ngoma," alisema Uwesu, damu ikimtoka mdomoni. Na alikuwa karibu kutabasamu. Aliona leo Mungu kamkusanyia watu wote mahali pamoja. Mkewe akisema neno moja tu, uchawi unakwisha na wizi unakwisha.

"Mama Tatu," alisema balozi, "ni kweli? Mumeo anatafuta rupia yako?"

Zamda alimtazama dada yake. Akavuta khanga kichwani.

"Mimi sijui anachokitafuta," alisema. "Muulizeni mwenyewe."

Watu wakaguna. Uwesu aligusa kibindo chake, lakini hakutoa kitu. Akiitoa pale, Mwanamkuu angesema ametoka nayo nyumbani. Balozi alimkataza kukanyaga kile kiwanja tena na ungo, akawafukuza wote mlangoni pake.

Nyumbani, Uwesu aliketi uani akaiosha rupia mwenyewe. Alisugua kwa majivu mpaka mfalme akang'aa, kofia na yote. Akaigeuza huku na huku. Ilikuwa nzima.

"Hii haina tundu," alisema.

Zamda alikuwa amesimama mlangoni. "Haiwezi kuwa nalo," alisema. "Ile haikuanguka, Baba Tatu."

Akamweleza, tena kwa maneno machache tu. Wenzake wa ngoma walikubaliana sare ya khanga mpya na viatu, wawakomeshe wale wa Gerezani. Yeye hakuwa na kitu na aliona aibu kubaki nyuma. Akaipeleka kwa sonara, ikayeyushwa.

Uwesu aliikumbuka ile sare. Aliikumbuka vizuri sana, kwa sababu siku ile alijipenyeza kati ya watu hadi mbele, akifurahi kwamba mwanamke yule mwenye kupendeza kuliko wote ni wake, akamtunza: akambandika shilingi kwenye paji la uso.

"Miaka yote hii, Zamda?"

"Ningesemaje? Dada angeniua."

"Na mimi je?"

Zamda alilia. Uwesu alitaka kumwita Mwanamkuu na balozi na mtaa wote. Lakini mle chumbani, nyuma ya pazia, mwali alikuwa akiimba wimbo aliofundishwa, na siku yake ya kutoka ilikuwa imekaribia. Uwesu alichukua kile chuma chake cha kulehemu kilichomletea jina, akakiweka kando, akatafuta msumari na nyundo. Akaitoboa rupia mwenyewe.

Tatu alitolewa Ijumaa. Alipendeza, alhamdulillahi, na rupia iliwaka kwenye paji lake. Mwanamkuu alipiga kigelegele, kisha akageukia watu.

"Mnaiona? Si nilisema? Ilikuwa kwake siku zote! Kapigwa kidogo tu, kaitapika."

Watu walicheka na kumwangalia Uwesu. Uwesu alimwangalia Zamda. Zamda akainama, akaanza kunyoosha upindo wa khanga ya mwanawe, ingawa ulikuwa umenyooka.

Mwali aliongozwa kwa baba yake. Akapiga magoti, akamshika mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Tatu aliinua uso, machozi yakimlengalenga, akamsogelea ili asisikie mwingine.

"Ahsante, baba," alisema, "kwa kuirudisha."