Kisima cha Athmani

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya kupima maji ya visima, pale ghalani kwetu Kibarani, Mhandisi Mkuu alinipa kichupa cha kioo. Akaniambia nikijaze maji hadi mdomoni, nikifunge, nikipindue. Kikionekana kiputo hata kimoja, nimwage nianze upya. Nilishinda bombani kutwa. Jioni akanieleza sababu: sumu tunayoitafuta hupenda kutorokea hewani, na ukiiachia kiputo itajificha humo, kisha maabara ikuambie maji ni safi.

Mhandisi Mkuu huyu alikuwa amefanya kazi ng'ambo, kwenye vituo vya nyuklia. Watu hudhani hofu ya huko ni mionzi tu. Yeye miaka yake mingi aliimaliza akiiandama dawa ya kuoshea grisi kwenye vyuma, iliyomwagwa mashimoni ikazama mpaka kwenye maji ya ardhini. Ni nzito kuliko maji, haina rangi, na ikiwa kidogo huwezi kuionja wala kuinusa. Hapa pwani hatukuwa na nyuklia, lakini dawa ilikuwa ile ile.

Tuliikuta Mambrui. Karakana moja iliyokwisha kufungwa zamani ilikuwa ikiimwaga nyuma ya ukuta wake. Kisima kilichodhurika zaidi kilikuwa cha Bi Zuhura. Alikichimbisha mwanawe Athmani alipofariki, kiwe sadaka: kila atakayekunywa, thawabu imfikie marehemu. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia kifungwe.

Nilimwamkia, akaitika marahaba, akanikaribisha jamvini. Nikamweleza polepole, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kisima si changu, mwanangu," akasema. "Ni cha Athmani. Ukikifunga, umemfunga mkono."

Nilirudi kwa Mhandisi Mkuu nikamfikishia maneno yake. Akaitazama ramani, akauliza kwa nini tuchimbe kisima kipya cha kuvutia maji machafu ilhali hicho kipo mahali penyewe. Nikarudi Mambrui. Nikamfahamisha Bi Zuhura kwamba maji ya ardhini hutembea, na haya yalikuwa yakielekea visima vya jirani zake. Tukiyavuta hapa, tukayamwaga kutoka juu ya mnara huku hewa ikipulizwa toka chini, sumu hupeperuka kama makapi ya mchele kwenye ungo, ikanaswa na makaa. Hayatanyweka, lakini majirani watasalimika.

"Basi Athmani ana kazi," akasema, akaturuhusu.

Kazi ilikwenda taratibu. Kwenye mchanga wetu maji matamu huelea juu ya maji ya bahari. Ukivuta kwa pupa, chumvi hupanda. Nilihamishiwa Junju, nikarudishwa. Kila nilipokuja kuchukua sampuli Bi Zuhura alinitania: "Daktari wa vichupa, mgonjwa wako hajatoka tu hospitali?" Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kabla hajafa alitaka kuona mtu akinywa maji ya Athmani.

Mwaka mmoja majibu ya maabara yakaja safi. Bi Zuhura akaisugua kata yake ya kifuu, akaitundika kando ya kisima. Mhandisi Mkuu hakufurahi.

"Zima pampu," akaniambia, "tungoje masika yapite. Mchanga hauachilii upesi."

Masika yakaja, maji yakapanda, yakaikosha sumu iliyong'ang'ania kati ya chembe za mchanga. Sampuli ikarudi chafu. Nilipomwambia, Bi Zuhura aliitungua kata, akaifuta kwa ncha ya leso yake.

"Washa pampu, mwanangu. Asikae bure."

Alifariki kabla ya masika mengine.

Ninyi mnaoianza kazi hii mna vipimo bora kuliko vyetu, na nina imani nanyi. Msivunjike moyo majibu yakirudi nyuma. Ndivyo ardhi ilivyo. Jazeni vichupa vyenu hadi mdomoni, na mkimpelekea mtu habari mbaya, kaeni naye jamvini kwanza.

Wiki niliyostaafu nilijaza kichupa changu cha mwisho pale kisimani. Majibu yalinikuta nyumbani, Malindi. Kijana aliyeshika nafasi yangu alinipigia simu kwa furaha: sumu imeshuka kuliko wakati wowote, imebaki kidogo tu. Nikamshukuru. Nikajitanda leso niende Mambrui kumpa Bi Zuhura habari, na nilikwisha kufika mlangoni kwangu nilipokumbuka.