Minyororo ya Toader Huțan

Toader Huțan, wa kijiji chetu hapa Bukovina, hajawahi kuamini namba iliyoandikwa na mtu mwingine. Akinunua mkate, anaupima kwa kiganja. Daktari wa mifugo akisema ng'ombe ana homa, Toader naye huweka shavu lake kwenye sikio la ng'ombe ahakikishe. Ni mtu mwema, lakini kumwuzia kitu ni kazi.

Majira haya ya baridi, nyasi kavu za ng'ombe wake wawili zilibaki za siku tatu tu. Nyingine zote zilikuwa juu mlimani kwenye malisho, na njia ya huko ilikuwa barafu tupu. Trekta yake ndogo ilijaribu mara mbili, ikarudi kinyumenyume hadi kwenye ua wa jirani. Basi Alhamisi akaenda sokoni na mkewe Saveta, kwa mkokoteni wa farasi, kutafuta minyororo ya kufunga tairi za nyuma zisiteleze. Mimi nikapanda nao kwa kuwa sikuwa na kazi.

Minyororo anauza Paraschiva, mjane wa mhunzi. Toader akagonga pete moja moja kwa nyundo, ametega sikio. Akakwangua rangi kwa kisu.

"Unatafuta nini, mzee Toader, dhahabu?"

"Natafuta ulikochomelea."

"Haijachomelewa hiyo. Tairi zako namba ngapi?"

"Namba ni maneno ya kiwandani." Akatoa mfukoni uzi wenye fundo, aliopimia gurudumu. "Kata hapa, yote miwili."

"Ningekuwa wewe ningeiacha na urefu wake. Umepima magurudumu yote mawili?"

Toader akatabasamu kama mtu aliyeuona mtego mapema. "Wewe kata tu, mama."

Paraschiva akakata. Vile vipande vilivyobaki, pamoja na pete za kuungia, akavitia guniani. Toader akavitoa.

"Hivi vya nini?"

"Si vyako? Mnyororo umeshanunua."

"Hapo ndipo panaponitia shaka. Nani anagawa chuma bure?" Akavirudisha mezani, akaenda kumchukua farasi.

Nyumbani gurudumu la kushoto likavaa vizuri. La kulia, ncha hazikukutana. Pengo lilikuwa la kiganja kizima.

"Mwizi yule!" Toader akafoka. "Huu kaukata mfupi! Nilijua mimi!"

Saveta akachukua uzi uleule, akauzungusha kwenye tairi ya kulia. Fundo halikufika.

"Umesahau tairi hii ilipopasuka? Fundi alikwambia ununue mbili, ukasema anataka kukuibia. Ukanunua moja, ya trekta nyingine kubwa zaidi. Ulipima ya kushoto tu?"

"Ya kulia ilikuwa upande wa ukuta," akasema Toader polepole.

Saveta akatia mkono mfukoni mwa aproni, akaweka vile vipande na pete zake juu ya gogo la kupasulia kuni. Toader akavitazama, akamtazama mkewe, akanitazama na mimi.

"Mlipanga, wewe na yule mjane."

"Tulipanga ng'ombe wapate kula. Haya, shika koleo."

Akaunga, akakaza, akaendesha hatua chache, akashuka akakaza tena. Trekta ikapanda bila kuteleza, na kabla jua halijazama ikashuka na tela lililojaa nyasi.

Alhamisi iliyofuata Toader alimpelekea Paraschiva jibini la kondoo. Mjane akalipokea, akaligeuza, akalinusa mara mbili.

"Umetia nini humu?" akauliza.