Jina la Simiyu Lilipoitwa Thika

Barua ya hospitali ilialika watu wawili, mimi na mke wangu. Hospitali ilitaka kuzishukuru familia zilizotoa viungo vya wapendwa wao. Nilimwambia mke wangu ni ibada ya shukrani, nikaishia hapo. Hakujua kwamba mwana wetu Simiyu alipofariki baada ya kugongwa na lori, mama yake akiwa Bungoma akipanda mahindi, nilitia sahihi wachukue konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, zimsaidie asiyeona. Daktari alisema muda ni mfupi. Simu nilikuwa nayo mfukoni, lakini sikumpigia.

Saa mbili asubuhi tuliondoka Mwiki kwa gari la jirani yetu Njoroge. Aliitazama tai yangu, akauliza kama mzee anaenda kuoa tena. Mke wangu akacheka. Mimi niliomba kimoyomoyo nipate ujasiri wa kumwambia kabla ya kufika Ruiru mjini. Ruiru ikapita.

Tulipofika Witeithie, karibu na Thika, Njoroge alishuka kununua ndizi. Tukabaki wawili. Nikasema yote, nikitazama magoti yangu.

Mke wangu akanigeukia. "Baba Simiyu, siku mbili nilikaa kando ya jeneza nikimpangusa uso. Wewe ulikuwa unaniangalia tu?"

"Nilikuwa nakuangalia."

Alifungua mlango, akahamia kiti cha mbele. Njoroge aliporudi alitutazama, akaweka ndizi chini, akaendesha bila kuwasha redio.

Saa nne tulifika Thika. Katika ukumbi wa hospitali kila familia ilikuwa na mshumaa wake mezani. Jina likiitwa, mnasimama, mmoja anauwasha. Muuguzi alitaka kutukalisha mbele. Mke wangu akachagua kiti cha mwisho, karibu na mlango, mkoba mapajani. Sikujua kama angekaa au angeondoka.

"Huyo aliyepewa," alimuuliza muuguzi, "anaona?"

Muuguzi alisema hawaruhusiwi kutaja majina. "Lakini anaona, mama. Juzi alikuja kliniki peke yake, bila wa kumshika mkono."

"Familia ya Simiyu," mwongozaji akaita. Miguu yangu ilitaka kusimama. Nikaizuia. Akaita tena, na watu wakaanza kugeuka.

Ndipo mke wangu aliposimama. "Simiyu mwana wa Rebeka," alisema, akitaja jina lake mwenyewe, kwa sauti iliyofika mbele. Akaenda kuuwasha mshumaa. Hakuniita.

Tuliporudi alikaa mbele tena. Tulipoifikia Witeithie alisema, bila kugeuka, "Jumamosi tunaenda Bungoma. Utawaambia ndugu zako mwenyewe. Mimi nitakuwa nimekaa hapo nikisikiliza."

Miaka mingi nimefundisha kanisani kwamba sadaka hutoka katika moyo uliokubali. Namshukuru Mungu kwa yule anayeona leo. Lakini sadaka ile ilikuwa ya mioyo miwili, nami niliuliza mmoja tu, wangu.

Jumamosi Njoroge atatupeleka. Kiti cha mbele si changu.