Ulisema Mikono Tu

Ipo siku moja naikumbuka kila nikishika simu, mwanangu: siku kidole gumba changu hiki kilipokaribia kuvunja harusi ya watu Msambweni. Wenzangu huvunja harusi kwa fitina, kwa uchawi, kwa kuchukua bwana wa mtu. Mimi nilitumia gumba, tena bila kuinuka kitini.

Usidhani nilikuwa msichana. Nilikuwa na miaka arobaini na ushei, nina wajukuu wawili. Lakini simu ndiyo iliyokuwa changa, na mtu akishika kitu kipya hurudi utotoni hata awe na mvi. Kazi yangu ilikuwa hii hii, kuwapaka hina na piko nyeusi mabibi harusi, na kibanda changu kilikuwa Ukunda, si mbali na Kona ya Musa. Shule niliiachia darasa la tano. Au tuseme ilinichoka, tukaachana kwa wema. Kusoma najua, ila nasoma polepole kama mtu aliyejitwika mtungi.

Basi simu ile ya kugusa kioo ikanitia wazimu. Nikapiga picha chai, nikapiga picha kuku, nikapiga picha mguu wangu mwenyewe wakati natafuta pa kuizima. Halafu nikagundua kwamba nikipiga picha mkono niliopaka hina na kuuweka kwenye stetasi, wateja wanakuja. Wakaja kutoka Diani, wakaja kutoka Kwale mjini. Nikaanza kujiita msanii. Nikafungua na grupu la wateja, mimi ndiye adimini, mimi niliyeshindwa na hesabu za kugawanya.

Jumatano moja nikaitwa Msambweni kumpaka hina Riziki, binti aliyekuwa aolewe Ijumaa na kijana wa Jego. Wewe wazijua desturi zetu. Mwari alikuwa ndani siku saba, anasuguliwa singo, anafukizwa udi, haonwi na jua wala na mwanamume. Hata wanawake wakiingia chumbani kwake, simu waliziacha mlangoni ndani ya kikapu. Aliyekilinda kikapu ni bibi yake, Bi Mwanakombo, ambaye ndiye pia aliyekuwa somo wake wa kumfunda. Bibi mfupi, mkimya, lakini akikaa mlangoni hata nzi alijieleza kwanza anakwenda wapi.

Simu yangu peke yake ndiyo iliyopita, kwa sababu michoro ninayoiga imo ndani yake. Bila simu ningempaka mtoto wa watu maua ya kukisia.

"Hiyo ni kitabu chako cha kazi," akaniambia Bi Mwanakombo. "Ingia nayo. Nakuamini."

Neno hilo, mwanangu, ni zito kuliko gunia la mkaa. Mimi nikalibeba kama bahasha.

Nilimpaka Riziki tangu adhuhuri hadi alasiri, mikono yote miwili mpaka viwikoni. Ikakaa, wallahi ilikaa! Nikamwomba ruhusa nipige picha.

"Mikono tu, Bi Hina?" akauliza. Ndivyo wanavyoniita.

"Mikono tu, mwanangu."

Nikapiga. Sasa pale pale mwanamke mmoja akatoa neno la kuchekesha, Riziki akacheka akainua mkono, na picha ikatoka na uso wake wote, mabega wazi, leso imefungwa kifuani, nywele zimefumuliwa. Ilikuwa picha nzuri kupita zote nilizowahi kupiga. Na hapa sikufichi: uso niliuona. Sikuteleza, sikubonyeza kwa bahati mbaya. Nilijiambia, ah, wateja wangu ni wanawake watupu. Nikaiweka kwenye stetasi na kwenye grupu, chini nikaandika "Mashallah." Wanawake watupu! Kana kwamba simu za wanawake hazina waume, kaka wala mashemeji wa kuchungulia.

Alhamisi asubuhi nimekaa kibandani na chai na mahamri, picha ikaingia kwenye grupu jingine, la majirani. Juu yake pameandikwa: "Binti huyu amefumaniwa leo alfajiri chumba cha lojing'i Ukunda. Wazazi, chungeni watoto. Tuma kwa grupu tano." Miwani yangu ilikuwa mkobani. Picha yenyewe ilikuwa imekatwakatwa, umebaki uso na kiwiko, tena imefifia kwa kupita mikono mingi. Maneno niliyasoma, kwa taabu lakini niliyasoma. Picha sikuitazama. Nikaguna, nikasema dunia imekwisha, nikaituma. Si kwa grupu tano. Kwa grupu zangu zote saba, pamoja na vikatuni vitatu vya kulia. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Wahenga hawakuwa na simu.

Haikupita nusu saa akaja Wambui, msichana wa bara aliyekuwa msusi katika saluni ya jirani yangu. Kasimama na kichana mkononi.

"Mathe, uko sawa kweli? Jana umenitumia huyu msichana ukisema mashallah. Leo umenitumia huyo huyo ukisema dunia imeisha. Kwani ako na pacha?"

Nikavaa miwani. Kwenye kile kiwiko palikuwa na ua moja limepinda kidogo, kwa sababu mwenye mkono alitikisika akicheka. Ua langu. Hina yangu. Hamri likanikwama kooni, Wambui akanigonga mgongo.

"Futa, mathe! Futa!"

Nikafuta. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yameshafika mbali. Simu ikalia, ni mama yake Riziki, hawezi kusema kwa kilio. Picha imefika Jego kwa wakwe. Shangazi wa bwana harusi yuko njiani kuja kuvunja posa. Na bado hawajui picha imetoka kwa nani. "Bi Hina, wewe unajua watu wengi," akaniambia. "Nisaidie kuuliza."

Hapo palikuwa na mlango wa kutorokea, mwanangu, umefunguliwa wazi kwa ajili yangu. Ningesema ngoja niulizeulize, basi, nikanyamaza. Waliokuwa chumbani ni wengi, angeshukiwa mwingine kwamba alipitisha simu kaificha ndani ya leso. Nilikaa nikautazama mlango huo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikapanda boda nikaenda Msambweni.

Bi Mwanakombo alikuwa mahali pake. Shikamoo yangu ilitoka imevunjikavunjika. Nikamweleza yote, la kwanza na la pili, nikaanza kulia.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipiga. "Mwanamisi," akasema, "mtoto tumemweka ndani siku saba, na mimi nalala hapa kizingitini. Wewe nikakupisha. Ukaenda kutoboa ukuta kwa ndani." Akatengeneza leso yake begani. "Machozi yako kayalie kwako. Hapa kuna kazi. Mwanamke wa Jego akifika, utasema wewe, si mimi."

Riziki alikuwa amekaa kitandani, hina imekolea vizuri mikononi, macho yamevimba. Neno lake lilikuwa moja: "Bi Hina, ulisema mikono tu." Mimi huyu, ambaye hata kaburini nitawajibu malaika kwa mzaha, mzaha uliniishia, nikainama nikatoka.

Shangazi akafika kabla ya adhuhuri. Jina lake Bi Mishi, mwanamke mrefu, kasimama ukumbini na wenzake wawili. Maji akakataa, kiti akakataa.

"Picha hii nimeletewa na watu watatu kabla sijapiga mswaki," akasema. "Nataka kujua tunaoa nini."

"Aliyeipiga ni mimi," nikasema. "Na aliyeisambaza ni mimi. Mara mbili."

"Mara mbili? Kwa nini?"

Nikamweleza. Mmoja wa wenzake akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakamtikisika. Bi Mishi hakucheka. Nikampa simu yangu aione picha nzima: mkeka, bakuli la singo, miguu ya Bi Mwanakombo kizingitini, pazia la maua la mlangoni. Akainua macho, pazia lile lile linaning'inia mbele yake.

"Picha siku hizi zatengenezwa," akasema. "Na wewe mwenyewe wajisema umemlaghai mtoto. Nikuamini kwa lipi?"

Ana haki. Nilikuwa nimeutumia uaminifu wangu wote kama mtu anayemaliza bando kwa siku moja.

Ndipo Bi Mwanakombo akasema kutoka mlangoni, bila kuinuka: "Mishi, usitazame ya kwake. Tazama hiyo hiyo uliyoletewa. Tazama mkono."

Bi Mishi akainua simu karibu na pua. "Hina mbichi," akasema polepole.

"Mbichi vipi?"

"Mbichi kama tope."

"Basi mtu aliyepakwa hina mbichi mpaka viwikoni, ambaye uji ananyweshwa na kichwa akiwashwa anakunwa, ndiye aliyekwenda lojing'i Ukunda alfajiri?" Bi Mwanakombo akageuza uso. "Mlango alifungua kwa meno?"

Yule wa mtandio akashindwa, akaangua kicheko, na wa pili akamfuata, na mwisho Bi Mishi mwenyewe akaketi kwenye kile kiti alichokikataa. Akaomba maji. Akanywa, akasema kwa sauti ndogo isiyolingana na kimo chake: "Na mimi nimeshamtumia dada yangu Lunga Lunga."

"Karibu chamani," nikamwambia. Bi Mwanakombo akanielekeza mkekani kwa kidevu.

Alasiri yote tulikaa mkekani, mimi na Bi Mishi, tukijirekodi sauti. Yeye akisema, mimi shangazi wa bwana harusi, maneno yale ni uongo, harusi ipo kesho. Mimi nikisema, ni mimi Mwanamisi niliyetoa picha bila ruhusa, kisha nikaeneza uongo bila kuangalia. Nikatuma kila nilikopeleka picha, na nikawapigia wateja mmoja mmoja kuwaomba waifute. Wengine walinitukana. Nilistahili. Nilipotaka kuambatanisha na picha ili watu waelewe nasema nini, Bi Mwanakombo akanishika kifundo: "Uongo uukanushe kwa maneno. Uso wa mtoto uuache."

Ijumaa nikaha ikafungwa. Riziki hakusema nami miezi mingi, na sikumlaumu. Kuomba radhi ni kazi yangu, kusamehe ni mali yake. Siku aliponiita kumpaka hina mdogo wake, nilijua ameifungua roho. Mwaka jana picha ile iliibuka tena, safari hii eti ni mwizi wa watoto huko Tanga. Aliyeniletea habari ni Riziki mwenyewe, kwa ujumbe wa sauti, anacheka: "Bi Hina, nimesafiri tena!" Na alikuwa ameshajibu huko ilikotokea, kwa mdomo wake, yeye ni nani na alikuwa wapi. Hakuna aliyebishana naye.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni ya mtu aliyeungua, si ya mtu aliyesoma. Kitu kikikujia simuni, maneno yaweke kando kwanza, uitazame picha kama unavyotazama samaki sokoni kabla hujamnunua: macho, mashavu, harufu. Nani kasema? Lini? Kilichokatwa pembeni ni nini? Kama hujui, uliza anayejua kazi ile. Hina muulize mpakaji hina, dawa muulize daktari. Na ukiona umeambiwa "tuma kwa grupu tano", jua hapo hapo kuna mtu anataka miguu yako imbebee mzigo wake. Ukweli haumkimbizi mtu.

Na uso wa mwenzio ni wake. Akikupa mkono, amekupa mkono. Usijiambie grupu ni dogo, wala wote ni wanawake, wala utafuta baadaye. Mtoto aliyevaa sare ya shule, mgonjwa kitandani, kitambulisho chako, mahali unapolala: hivyo si vya kutandika barabarani. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mtungi wa mwenzio usiupige picha. Ukishakosea, na utakosea, maana hata mimi mjanja hivi nilikosea, jitokeze mapema kabla hajashukiwa mwingine. Aibu ya kusema hukaa siku chache. Ya kunyamaza huhamia kwako na vyombo vyake.

Simu usiiogope. Mimi bado ninayo, na wateja bado wanakuja, na siku hizi katika picha zangu naonyesha vidole na viganja, na mwenyewe huziona kwanza kabla ya mtu mwingine.

Nenda, mwanangu. Mola akusitiri hadharani na faraghani, akupe macho yasiyodanganyika na ulimi usioharakisha, na kila nyumba itakayokufungulia mlango ifurahi kwamba ilikufungulia. Amin.