Mtu wa Nyuma ya Bamba

Kazi yangu ya kwanza Dubai ilikuwa kusukuma theluji. Watu hucheka nikiwaambia. Ilikuwa theluji ya ndani, kwenye ukumbi wa baridi ya kutengenezwa, na nje jua linayeyusha lami. Kila asubuhi kabla ya wageni nilipanda trekta dogo lenye bamba la chuma nyuma, nikaikokota theluji na kuisawazisha.

Ubaya wa bamba la nyuma ni kwamba dereva halioni vizuri. Aliyeliona ni mzee mmoja wa Unguja, mkaazi wa mtaa wa Rashidiya, humo humo Dubai, tangu sijazaliwa. Alisimama nyuma yangu na koleo, akiniamuru: "Shusha! Pandisha, mwanangu, pandisha!" Nilimwita Ami, kama baba mdogo, lakini shingo yangu haikumwamini; kila mara iligeuka nyuma. Mara mbili nilimkuta akinong'onezana na sir, bosi wetu, kwa Kiarabu. Nilipokaribia, wakanyamaza. Magoti yake yalikuwa mabovu; nikaona anakitaka kiti changu.

Siku moja bamba lilichana zulia la mpira chini ya theluji. Sikusikia "pandisha". Pengine hakusema, pengine injini iliimeza sauti yake. Sir akaupiga picha mpasuko ule, akasema mwenye kosa kazi yake khalas, imekwisha.

Nilikwenda kubadilisha glavu. Niliporudi, Ami alinisogelea. "Usihangaike. Nishakusemea kwa sir."

Shuleni kwetu Mombasa, kumsemea mtu ni kumchongea. Nilikwenda ofisini mbio, nikasema mzee yule haoni tena, na ndiye aliyeniambia nishushe.

Sir hakushangaa. "Ameniambia hivyo hivyo mwenyewe. Kosa lake, wewe usiguswe. Ameshakusemea vizuri."

Nikababaika: nilikosea, sikumwelewa.

"Hukumwelewa? Si mnazungumza lugha moja?"

Ami aliondoka kazini Alhamisi ya wiki ile. Nilimfuata mlangoni, akiwa anavua koti zito.

"Ami, kwa nini?"

"Mie nna wanangu hapa, nitalala kwao. Wewe, bila chumba cha kampuni, ungelala wapi?"

Nilitafuta usoni mwake kama sir alikuwa amemwambia nilichosema. Akanipa mkono, baridi bado imo vidoleni.

"Sasa utajitazamia nyuma mwenyewe, mwanangu."

Akatoka kwenye joto. Nimebaki nayo kauli ile miaka yote, na sijui kama ilikuwa wosia au kijembe.