Maji Kabla ya Bukari

Jana fundi alinirudishia gari linanuka oili ya zamani. Papo hapo nilikuwa tena Brussels, mtoto, ndani ya jumba la makumbusho la ndege kuukuu.

Papa alitupandisha watoto kwenye ndege ya vita atupige picha. Kiti cha ngozi kilinata mapajani kama ulimi. Mlinzi, akitafuna frites, viazi vya kukaanga, alitueleza kwa fahari jinsi ndege ile ilivyoangushia miji mabomu. Mayonezi ilimtiririka kidevuni.

Maman alitushusha, akatupeleka bombani, akatusugua mikono hadi viwiko, kama watu waliotoka kuzika.

Papa alicheka. “Bon, maman, ni musée tu. Ni chuma.”

“Chuma yenye iliua batu? Mutanawa kwanza, njo mutakula.”

Nje, ndege zilinguruma juu ya vichwa vyetu na umati ukashangilia, midomo imejaa chakula. Papa naye akapiga makofi. Maman alitandika kitenge nyasini, akatugawia bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Mbele ya Papa aliweka chupa ya maji tu.

Papa aliitazama. Makofi yakaendelea. Akavua saa, akakunja mikono ya shati.